Matabaka manne ndani ya shimo moja

Msomaji wa Mikindani ameuliza hivi: "Shikamoo mzee. Nimechimba shimo la choo nyuma ya nyumba yangu, kina chake ni kama futi kumi na nane. Juu nilikuta mchanga mwekundu. Chini yake zikafuata kokoto za mviringo zilizoshikana mpaka sururu ikawa inadunda, kisha udongo wa kijivu unaonata ambao ukikauka unapasuka, na mwisho jiwe la njano ambalo ukilisugua linatoka mchanga mkononi. Kitabu cha shule cha mwanangu kinasema yote hayo ni miamba tabaka, na kwamba hutokana na mchanga na matope kugandamizwa. Je, ni kweli vitu vinne visivyofanana hivi ni vya ukoo mmoja? Mchanga hugeukaje jiwe? Na nani aliamua hili liitwe hivi na lile liitwe vile? Mimi nilidhani tofauti ni rangi."

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba ulitazama ulichokuwa unakitoa shimoni, na kwa mpangilio wake, kwa sababu maelezo yako yanatosha kabisa kujibu swali bila mimi kuliona shimo lenyewe.

Kitabu cha mwanao kimesema kweli, ingawa kimefupisha mno. Vyote vinne ni vya ukoo mmoja, yaani vimetokana na vipande na chembe zilizovunjika kutoka miamba mingine ya zamani, zikachukuliwa na maji au upepo, zikatuama mahali na kufunikwa. Zikiwa bado zimelegea tunaziita mashapo. Zikishikana zinakuwa mwamba tabaka, na kwa usahihi zaidi mwamba tabaka wa vipande, ili tuutofautishe na ule uliotokana na chumvi au na magamba ya viumbe. Mchanga wako wa juu na udongo wako wa kijivu bado ni mashapo. Kokoto zilizoshikana na jiwe la njano vimekwisha kuwa mwamba, japo mwamba dhaifu. Rangi huja mwisho kabisa katika kuvipa majina. Kinachotangulia ni ukubwa wa chembe, na sababu yake ni kwamba ukubwa wa chembe unatueleza maji yalikuwa na nguvu kiasi gani siku ile yalipoiweka chini. Ukilishika jambo hilo moja, mengine yote nitakayoandika hapa yatajipanga yenyewe.

Tuanzie Masasi. Anayeingia Masasi kwa barabara huona milima ya mawe imesimama peke yake juu ya uwanda kama visiwa baharini, na ndivyo Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia aliyezunguka sehemu hizi mwishoni mwa karne ya 19, alivyoiita kwa lugha yake: milima-visiwa. Mawe yake ni naisi, mwamba geu uliopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Ukilitazama jiwe la Masasi lililovunjwa karibuni utaona michirizi ya rangi nyeupe na nyeusi. Ndani ya ile nyeupe mna kwatzi, ambayo inang'aa kama kioo kilichovunjika, na feldspari, ambayo ni nyeupe au ya waridi na ina nyuso bapa. Katika ile nyeusi mna madini yenye chuma na mna ulanga, ambao hubanduka kwa magamba membamba.

Sasa chukua jiwe jingine, si lile gumu la mlimani, bali lililolala ardhini chini ya mlima kwa miaka mingi likinyeshewa na kuchomwa na jua. Livunje kwa mkono. Feldspari yake imekuwa na ukungu, na ukiikwaruza kwa ukucha inatoka unga mweupe. Ule unga ni udongo wa mfinyanzi katika kuzaliwa kwake. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu. Yakipenya ndani ya mwamba huitoa potasiamu, sodiamu na kalsiamu kwenye feldspari, na kinachobaki hujipanga upya kuwa madini ya mfinyanzi. Madini yenye chuma huoza na kuacha kutu nyekundu au ya njano. Kwatzi haifanywi kitu. Inadondoka tu ikiwa punje nzima, ngumu, tayari kwa safari, na ndiyo maana mchanga mwingi wa mito yetu ni kwatzi: nyingine zote ziliyeyuka au zikageuka udongo njiani.

Kwa hiyo mlima mmoja unapooza hutoa mazao matatu: punje za kwatzi na vipande vya mwamba ambavyo havijaoza, mfinyanzi, na chumvi zilizoyeyuka majini. Hayo mawili ya kwanza ndiyo mada yetu. La tatu huenda baharini bila kuonekana, na sehemu yake utaikuta imeanikwa kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara, pale maji yanapokaushwa na jua na kubakisha fuwele nyeupe. Mwamba unaotokana na maji ya namna hiyo kukauka ni mwamba tabaka pia, lakini si wa vipande, na hauainishwi kwa ukubwa wa chembe.

Kisha huja safari. Ruvuma huanza kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea na kusafiri takribani kilomita 800 mpaka baharini. Lukuledi ni mfupi zaidi, nao hushuka kutoka upande wa Masasi ukapita kati ya Uwanda wa Wamakonde na uwanda wa Rondo mpaka ghuba ya Lindi. Mto hubeba mzigo wake kwa namna tatu. Mawe makubwa na kokoto huviringika na kuburuzwa chini, tena wakati wa mafuriko tu. Mchanga huruka kwa hatua fupi fupi, unainuka na kuanguka, unainuka na kuanguka. Mfinyanzi na chembe nyingine ndogo huelea ndani ya maji na kuyapa ile rangi ya chai ya maziwa tunayoiona masika. Maji yakipungua kasi, hutua kwanza kile kilicho kizito zaidi kukibeba, halafu kinachofuata, halafu kinachofuata. Huko ndiko kuchambuliwa kwa mashapo, na mto hufanya kazi hiyo vizuri kuliko ungo wowote.

Tofauti ya muda wa kuzama ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chembe ya mchanga mwembamba kabisa, yenye kipenyo cha milimita 0.0625, huzama sentimita 10 katika maji tulivu kwa muda wa nusu dakika hivi. Chembe ya mfinyanzi yenye kipenyo cha milimita 0.002 huhitaji takribani saa 8 kuzama hizo hizo sentimita 10. Chembe ikiwa na kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya nyingine, huzama polepole mara mia. Kwa hiyo unapokuta tabaka la mfinyanzi mtupu, kama lile la kijivu shimoni kwako, fahamu kwamba hapo palikuwa na maji yaliyotulia kwa muda mrefu: bwawa, wangwa, ghuba iliyojificha, au bahari yenye kina ambako mawimbi hayafiki chini. Mahali pengine mfinyanzi husaidiwa na maji ya chumvi, kwa kuwa chembe zake zikikutana na chumvi hugandana kuwa mafundo madogo na kuzama haraka zaidi. Ndiyo sababu mojawapo ya mdomo wa mto kuwa na tope jingi, na mikoko inayopunguza kasi ya maji huongeza lake.

Mfinyanzi una tabia nyingine inayowashangaza wanafunzi. Mtu angedhani kwamba chembe ndogo ndiyo rahisi kuliko zote kung'olewa na maji, lakini sivyo. Mwaka 1935 Msweden Filip Hjulström alionyesha kwamba kinachong'oka kwa urahisi zaidi ni mchanga. Mfinyanzi ukishatuama na kushikana huhitaji maji yenye kasi zaidi kuuondoa, ingawa ukishang'oka husafirishwa na maji yanayotembea kidogo tu. Kumbuka hili, maana tutalirudia tutakapofika kwenye kokoto zako.

Safari pia huchonga. Kipande kilichovunjika karibuni kina pembe kali. Kikigongana na wenzake mtoni pembe hizo huisha, kwanza kwenye kokoto, ambazo hugongana kwa uzito, na kwa polepole sana kwenye mchanga, kwa sababu punje ndogo hukingwa na maji yanayoizunguka. Kokoto zako ni za mviringo. Hazikutoka mlima wa jirani zikalala. Ziliburuzwa mtoni au zilipigwa na mawimbi ufukweni kwa muda wa kutosha.

Sasa nifike pale ambapo kitabu kimefupisha mno. Kusema kwamba mashapo hugeuka mwamba kwa kugandamizwa ni nusu ya habari, na kwa mchanga ni chini ya nusu. Tope jipya linaweza kuwa na maji kwa asilimia 60 hadi 80 ya ujazo wake. Likifunikwa na matabaka mengine, uzito hulikamua, chembe zake bapa hulala sambamba, na linaweza kuwa jiwe kwa kukamuliwa huko kwa kiasi kikubwa. Mchanga hauko hivyo. Punje za kwatzi ni ngumu, zinagusana kwenye ncha, na hata ukizirundikia uzito mkubwa hubakia na nafasi kati yake, ambazo mwanzoni hufika kama asilimia 40 ya ujazo wote. Chukua mchanga mkavu wa ufukwe wa Msimbati uukandamize kwa nguvu zako zote: ukiachia mkono unamwagika.

Kinachoufanya mchanga kuwa jiwe ni saruji ya asili. Maji yaliyomo ardhini hupita kwenye zile nafasi yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, na kidogo kidogo huyaacha juu ya punje, kwanza kama utando mwembamba, baadaye kama ujazo unaounganisha punje na punje. Fundi mwashi anaelewa hili papo hapo: mchanga na kokoto peke yake havijengi, mpaka kiwepo cha kuvishikanisha. Saruji za asili zilizo za kawaida ni tatu. Silika, ambayo ni kwatzi mpya inayoota juu ya kwatzi ya zamani, hutoa jiwe gumu kupita yote. Kalsiti, yaani madini ya chokaa, hutoa jiwe la wastani linaloliwa na asidi. Kutu ya chuma hutoa jiwe jekundu, la kahawia au la njano, ambalo mara nyingi huwa dhaifu. Chukua kipande cha jiwe lako la njano ukisogeze juani, ikiwezekana na kioo cha kukuzia. Utaona punje zenyewe zinapitisha mwanga, na njano ni utando tu uliozipaka na kujikusanya pale zinapogusana. Sugua kwa kidole: utando unabaki kwenye ngozi, punje zinadondoka zikiwa karibu nyeupe. Hapo umeishika saruji na umeushika mchanga, kila kimoja peke yake.

Ndiyo maana nimesema rangi huja mwisho. Kiasi kidogo tu cha kutu hutosha kupaka rangi tabaka zima, nayo hupaka mchanga na mfinyanzi bila kubagua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana kazini, niliwekwa kuandika kumbukumbu za kisima cha kijiji kimoja kwenye uwanda wa juu. Niliandika "tabaka jekundu" kwa mita nyingi mfululizo bila kusaga sampuli kati ya vidole, na bomba lenye matundu likawekwa mbele ya mfinyanzi mwekundu badala ya mchanga mwekundu uliokuwa chini yake. Maji yalitoka kidogo, kisha yakakoma. Akina mama wa kijiji kile waliendelea kuteremka bondeni na ndoo mpaka kilipochimbwa kisima kingine, na tangu siku ile sijaandika rangi kabla ya kuandika chembe.

Umeuliza nani aliamua majina. Majina yenyewe ni ya zamani na ya lugha nyingi, lakini mipaka tunayoitumia iliwekwa na Mmarekani Chester Wentworth mwaka 1922, akiboresha kipimo cha mwenzake Johan Udden cha mwaka 1898. Kipimo hicho hushuka kwa nusu: kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Chembe inayozidi milimita 2 ni changarawe, nayo huendelea kupitia kokoto na mawe hadi majabali yanayozidi milimita 256. Kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.0625 ni mchanga. Kuanzia hapo hadi milimita 0.0039 ni mchangatope, chembe ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha lakini meno yanazihisi. Chini ya hapo ni mfinyanzi. Wahandisi na wataalamu wa udongo wa kilimo huweka mpaka wa mfinyanzi kwenye milimita 0.002, kwa hiyo ukipata ripoti mbili za maabara zisizokubaliana, angalia kwanza kama zinatumia kipimo kimoja.

Changarawe ikishikana huwa konglomerati ikiwa vipande vyake ni vya mviringo, na huwa brekia ikiwa vina pembe kali. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu brekia inasema vipande havikusafiri mbali, pengine viliporomoka tu kutoka gengeni. Lako ni konglomerati. Mchanga ukishikana huwa jiwe la mchanga. Mchangatope na mfinyanzi hutoa mawe ya tope, na hayo yakipasuka kwa vipande bapa kama kurasa huitwa sheli, neno ambalo halina uhusiano wowote na vituo vya mafuta tunavyoviita kwa jina hilo. Mfahamu pia kwamba "mchanga" katika kipimo hiki ni ukubwa tu, si aina ya madini: punje za magamba ya kombe yaliyosagwa na mawimbi ni mchanga vilevile kama punje za kwatzi.

Jiwe la mchanga linahitaji hatua moja zaidi, na hapa ndipo kazi yetu inapopendeza. Baada ya kujua ukubwa tunauliza punje ni za nini na kati yake mna nini. Jiwe ambalo karibu lote ni kwatzi, safi, punje zikiwa zinalingana, limetokana na mashapo yaliyochakatwa kwa muda mrefu, labda yalikuwa jiwe la mchanga hapo kabla, yakavunjika na kusafiri tena. Jiwe ambalo robo ya punje zake au zaidi ni feldspari huitwa akozi, nalo linasema kinyume: chanzo kilikuwa karibu, mwamba wake ulikuwa wa aina ya granaiti au naisi, na mashapo yalifunikwa haraka au katika hali ya ukame kabla feldspari haijaoza. Jiwe ambalo kati ya punje zake mna tope linalozidi asilimia 15 hivi, na punje zake hazikuchambuliwa vizuri, huitwa grewake. Mengi ya namna hiyo yaliwekwa na mikondo mizito ya maji yenye tope iliyoteremka ghafla kwenye miteremko ya chini ya bahari. Kwa punje chache zilizo kiganjani mtu anaweza kusema mlima ulikuwa wa nini, ulikuwa mbali kiasi gani, na hali ya hewa ilikuwaje. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi na bado naliona jambo hili kuwa kubwa.

Mawe ya tope ndiyo mengi kuliko yote, zaidi ya nusu ya miamba tabaka yote duniani, lakini hatuyaoni sana kwa sababu hulika haraka na kujificha chini ya majani na mashamba. Pwani yetu kuanzia Kilwa kupitia Lindi ina unene mkubwa wa mfinyanzi wa baharini ambao wanasayansi wameutoboa kwa mashine za kuchoronga kwa miaka kadhaa ili kusoma hali ya hewa ya zamani. Wanachokitafuta ni magamba ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini wanaolingana na punje ya mchanga au chini ya hapo. Kwa kuwa mfinyanzi haupitishi maji, magamba hayo hayakubadilishwa tangu yalipofunikwa, na mengine yanang'aa kama kioo baada ya makumi ya mamilioni ya miaka.

Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, husimulia jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Watu wengi wanajua habari za mjusi mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, kazi ambayo vibarua wetu wakisimamiwa na Boheti bin Amrani ndio walioifanya kwa mikono, na wapagazi wakaibeba hadi Lindi. Wachache huuliza mifupa ilikuwa ndani ya jiwe gani. Matabaka ya Tendaguru yanapishana: udongo laini wenye chokaa, ndimo mlimo na mifupa, kisha jiwe la mchanga lenye kombe za baharini, kisha udongo tena. Pwani ilikuwa ikisogea mbele na kurudi nyuma. Palipotulia palituama udongo uliofunika mizoga, na bahari ilipoingia na mawimbi yake ililaza mchanga. Hata kama mfupa hata mmoja usingepatikana, ukubwa wa chembe peke yake ungetueleza hivyo.

Tuje sasa shimoni kwako, tulisome kuanzia chini, maana kilicho chini kilitangulia. Jiwe la njano: maji yanayotembea, ya mto au ya ufukwe, yaliweka mchanga, na baadaye kutu ya chuma ikaushika kidogo. Mfinyanzi wa kijivu: maji yakatulia, pengine mkondo ulihamia kwingine ukaacha bwawa au wangwa, rangi ya kijivu huonyesha kwamba hewa ilikuwa haifiki vizuri, chuma hakikupata kutu. Konglomerati: nguvu ikarudi ghafla. Kutoka mfinyanzi hadi kokoto pasipo mchanga katikati ni mruko mkubwa, na kwa kuwa mfinyanzi hung'olewa na maji yenye kasi tu, natarajia kwamba ukichunguza pale kokoto zinapoanza utaona mpaka uliokatwa kwa mashimo na mabonde madogo, na huenda vipande vya mfinyanzi huo huo vimenaswa kati ya kokoto za chini. Mchanga mwekundu wa juu: nguvu ikapungua tena. Matabaka ya namna hii, mchanga na kokoto zenye wekundu ambazo hazijashikana sawasawa, ni ya kawaida sana huko kwenu, na wanajiolojia wameyapa jina la Mikindani yenyewe. Umri wake ni mdogo kuliko wa mawe ya mchanga ya enzi ya Kretasia, wakati mijusi wakubwa walipokuwa bado wapo, yanayoonekana kwenye miteremko ya Uwanda wa Wamakonde.

Ukitaka kuthibitisha, ponda kidogo cha kila tabaka, tia kwenye chupa ya maji inayoonekana ndani, tikisa, weka mezani. Mchanga utakuwa umetua kabla hujaketi, mchangatope utafuata, na mfinyanzi utayaacha maji na ukungu mpaka kesho yake. Kwa ajili ya saruji, saga kipande cha jiwe kuwa unga na ukidondoshee maji ya ndimu. Kikitoa vipovu vidogo, kuna kalsiti. Usitumie asidi ya betri, maana inaunguza na haikuongezei maarifa. Usijaribu pia kupachika mawe ya zile nyumba kongwe za Mikindani katika ukoo huu. Yale ni matumbawe, yaliyojengwa na viumbe hai baharini, na huainishwa kwa njia nyingine.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, lakini siwezi kuliacha. Jiwe la mchanga lina nafasi kati ya punje zake, na mfinyanzi uliolala juu yake haupitishi kitu. Mpangilio huo ndio ulioihifadhi gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982: gesi imo ndani ya jiwe la mchanga, zaidi ya kilomita moja chini, imezibwa na matabaka ya tope. Kwa kina cha futi kumi na nane mpangilio huo huo huhifadhi maji ya visima. Wewe umeutoboa mfinyanzi ukafika kwenye mchanga, na shimo lenyewe ni la choo. Ikiwa kuna kisima cha jirani kinachokunywa kutoka tabaka lile la njano, uchafu utapenya kwa urahisi mpaka kwake. Rudishia shimoni udongo wa kijivu ulioutoa, uloweshe kidogo na uushindilie kwa mchi mzito, tabaka baada ya tabaka la unene wa kiganja, mpaka uzibe jiwe lote la mchanga na ufike hadi katikati ya unene wa mfinyanzi wenyewe. Choo chako kiishie hapo, kikiwa kifupi kuliko ulivyokusudia, na kiwe mbali na kisima chochote, angalau mita 30. Juu, kwenye mchanga mwekundu ambao haujashikana, jengea kuta kwa matofali kabla ya masika, kwa sababu tabaka lile halina saruji ya kutosha na likilowa litaporomoka.